Bado Ina Mwenyewe

Mwaka 1967 Jaramogi Oginga Odinga alichapisha kitabu cha maisha yake, akakipa jina la maneno matatu, mawili ya Kiingereza na moja la Kiswahili: Not Yet Uhuru. Mwaka mmoja kabla alikuwa amejiuzulu umakamu wa rais wa Kenya na kuunda chama cha upinzani cha KPU. Dibaji aliandikiwa na Kwame Nkrumah wa Ghana, ambaye naye wakati huo alikuwa ameshapinduliwa. Watu wamelijadili sana lile neno la tatu la jina hilo, uhuru ni nini na ni wa nani. Mimi miaka yote nimevutwa na neno la pili.

"Yet" ni kielezi cha herufi tatu. Kiondoe, na kinachobaki ni kwamba uhuru hakuna, basi. Ni lawama ya mtu aliyekwisha kukata tamaa. Kirudishe, na jina zima linasimama wima: uhuru uliahidiwa, unadaiwa, na anayeudai hajaondoka mlangoni. Msomaji wa Pwani akiligeuza jina hilo kichwani mwake hapati maneno matatu. Anapata mawili, uhuru bado, na hayo mawili ameyajua tangu hajaanza kusoma.

Kielezi hicho cha Kiingereza kina umri mkubwa. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1000 iliyopita, kiliandikwa gīet, na hakikuhitaji ukanushi ndipo kisimame. Aliyesema kwamba mvua "yet" inanyesha alimaanisha ingali inanyesha, na matumizi ya aina hiyo yamo katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Baadaye kazi hiyo ikachukuliwa na neno jingine, "still", ambalo asili yake ni kutulia, kutotikisika. Kutoka kwenye utulivu likahamia kwenye maana ya daima, na ndivyo linavyotumika mara nyingi katika tamthilia za Shakespeare. Kutoka daima likafika kwenye mpaka sasa. Basi Waingereza wakagawa mzigo: "still" kwa lile linaloendelea, "yet" kwa lile ambalo halijatokea. Mwalimu wa Kiingereza katika shule za Malindi anajua muda unaopotea kuwaeleza watoto mpaka huo, maana mtoto amekuja darasani na neno moja linalobeba yote mawili, na haoni sababu ya kulikata. Bado amelala. Bado hajaamka. Ni mtu yuleyule kitandani.

Vielezi vya haraka vilipata maisha magumu zaidi. "Soon" ilianza kwa maana ya papo hapo. "Presently" ilikuwa sasa hivi hasa, kabla haijalegea ikawa baada ya muda. "By and by" ndiyo iliyotiwa kinywani mwa binti wa Herodia katika tafsiri ile ya 1611, alipotaka kichwa cha Yohana Mbatizaji, naye hakuwa na nia ya kungoja hata dakika moja. Leo maneno hayohayo yanamaanisha siku fulani huko mbele. Hakuna aliyekaa kitako akaamua kuyabadilisha. Yalichoshwa na watu walioahidi papo hapo wakatenda kesho, karne baada ya karne, mpaka wasikilizaji wakayashusha thamani wenyewe. "Sasa hivi" yetu imeshika njia hiyo hiyo. Muulize yeyote aliyewahi kuambiwa na fundi kwamba yuko njiani. "Yet" haikulegea namna hiyo, wala bado yetu haikulegea, kwa sababu hazikuwahi kuahidi saa. Ziliahidi jambo.

Bado tuliipata kwa Waarabu, kutokana na baʿdu, na ndugu zake wa tumbo moja tunakula nao kila siku: baada, baadaye. Barua za kale za mwambao huu, zile zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zilianza kwa salamu ndefu, kisha likaja neno la kuvukia, wabaadu, ndipo mwandishi akaingia kwenye haja yake. Khatibu juu ya mimbari naye husema amma baad akishamhimidi Mungu na kumswalia Mtume. Mzizi wote unahusu kile kinachofuata. Lakini katika Kiarabu, ili baʿdu imaanishe kwamba jambo halijawa, sharti kikanushi kiwe karibu yake kikiisaidia. Kiswahili kilikimeza kikanushi. Mtu akiuliza, "Baba amefika?" tunamjibu, "Bado," na ametosheka, na hakuna aliyetamka hapana. Neno la baadaye limekaa mahali pa la, na halikuisahau asili yake.

Nenda Ganda uisikie. Ganda iko magharibi ya mji wa Malindi, kwenye barabara inayopanda kuelekea Kakoneni na lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki. Ni nchi ya minazi na miembe, mihogo na mahindi, Kigiriama nyumbani na Kiswahili kila mahali. Msichana anaulizwa kama ameolewa: bado. Mwanamume wa miaka 50 anaulizwa kama amejaliwa mtoto: bado. Angejibu hapana, waliokaa naye wangeshtuka, maana angekuwa amejikatia hukumu ambayo si yake kuikata. Hata yule ambaye kijiji kizima kinajua hatazaa tena huachiwa bado yake, na hakuna anayemsahihisha. Ni adabu, na ndani ya adabu hiyo mna imani kwamba Mungu hajafunga daftari.

Kuna bado inayomwajibisha anayeisikia. Mgeni akiulizwa, "Umekula?" akajibu "bado", amekwisha kuomba chakula, na mama wa nyumba atanyanyuka hata kama sufuria limeoshwa. Ndiyo sababu mgeni aliyelelewa vizuri hulikwepa neno hilo, akasema ameshiba, alhamdulillahi, ilhali tumbo linamkana. Kuna bado ya hesabu, ile ya makanga kituoni Malindi anayepiga kelele bado mmoja, bado mmoja, tuondoke, na abiria wanaingia watatu na gari halijaondoka. Kuna bado ya kutisha, ile ya mwanamke aliyeonewa anayemwambia mwenziwe kwa sauti ya chini, "Bado, utaona." Hiyo ni ya kuogopwa kuliko matusi, maana aliyetukana amemaliza na aliyesema bado ndiyo kwanza anaanza.

Lakini mahali ninapoielewa zaidi ni chini ya mnazi. Mkwezi ameshafika juu, amejibana kwa miguu, panga mkononi. Mwenye shamba amebaki chini, uso juu, kiganja kimekinga jua. Mkwezi anagusa tunda, analigonga kwa mgongo wa panga, anasikiliza. "Hili?" anauliza wa chini. "Bado." Anahamia la pili, la tatu, kisha panga linakata na nazi inashuka kwa kishindo kwenye mchanga. Lile lililoambiwa bado halikudharauliwa. Kiswahili hakikuliacha tunda changa bila jina: kuna kidaka, kuna kitale, kuna dafu, kuna koroma, ndipo nazi. Dafu si nazi pungufu. Lina wanywaji wake na bei yake kando ya barabara, na anayelitaka hataki kingine. Kila hatua ya kungoja imepewa cheo chake, na aliye juu ya mti anajua kila tunda limefika wapi. Ushikeni ujuzi huo wa mkwezi, kwa sababu nitaurudia: alisema bado baada ya kugonga na kusikiliza.

Mnazi wenyewe unatupeleka kwenye ardhi. Kwa desturi za Pwani mti na ardhi vilikuwa vitu viwili. Mtu aliweza kumiliki minazi iliyosimama kwenye ardhi ya mwingine, akaiuza, akaiweka rehani, akairithisha wanawe. Kwa hiyo mwenye shamba asiyetaka madai alimkataza mpangaji wake kupanda mti wa kudumu. Lima mahindi, lima mihogo, lipa ijara yako, mnazi hapana. Maelfu ya familia za Malindi na Kilifi zimeishi chini ya sharti hilo, vizazi juu ya vizazi, zikiitwa maskwota kwenye ardhi ambamo babu zao wamezikwa. Mnazi mrefu wa kwetu huchukua kama miaka 6 au 7 mpaka uzae. Anayekatazwa kuupanda anakatazwa kungojea chochote mahali hapo. Ameruhusiwa msimu huu tu.

Ilianzaje? Ukanda wa maili 10 wa Pwani ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, nao Waingereza waliusimamia kwa mkataba wa Desemba 1895. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ukanda huo. Kila mwenye dai alitakiwa alipeleke katika muda uliowekwa, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Familia za Waarabu na Waswahili, zilizokuwa na mazoea ya kadhi na karatasi, zilipeleka madai yao. Wagiriama na Wamijikenda wenzao kwa sehemu kubwa walibaki nje, kwa kuwa ardhi kwao ilikuwa ya ukoo, na sheria ilitafuta mtu mmoja mwenye jina lake na mipaka yake.

Hapo ninaona kosa lililokuwa la kisarufi kabla ya kuwa la kisheria. Watu wale walikuwa hawajadai. Sheria ikasoma kwamba hawadai. Kati ya hawajadai na hawadai kuna silabi moja tu, ile -ja- ambayo Kiswahili kiliitafutia nafasi ndani ya kitenzi ili lisilotokea lisichukuliwe kuwa halipo. Kwenye silabi hiyo ziliangukia ekari na ekari, kutoka kusini ya Mombasa hadi juu ya Malindi. Ninajua kwamba sheria iliandikwa Kiingereza na walioitunga hawakuwa wakifikiria vitenzi vya Kiswahili. Lakini Kiingereza nacho kilikuwa na "yet" yake, yenye umri wa miaka 1000, na hawakuitumia.

Miaka mitano baadaye mambo yakachacha. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alizunguka akiwalisha watu viapo wasitoe vibarua wala kodi, na akakamatwa akapelekwa Kisii, mbali na bahari. Agosti 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama. Wagiriama waliokuwa wakilima kaskazini ya mto Sabaki, kwenye udongo mzuri kuliko wote wa upande huo, waliamriwa wahame na kuvuka kusini, na nyumba za waliokawia zikachomwa moto. Amri ile haikuwa na baadaye ndani yake. Miaka michache mbele serikali ilibadili msimamo na watu wakaruhusiwa kurudi ng'ambo, lakini waliorudi walirudi kwa ruhusa, na ruhusa si hati.

Kisha ukaja uhuru, na ugomvi wa Odinga na wenzake wa serikalini kwa sehemu kubwa ulikuwa huu huu wa ardhi: nani apewe, na je, mtu anunue kilichokuwa chake? Pwani iliona mipango ya makazi ikija moja baada ya nyingine. Magarini, kaskazini ya Sabaki, ulikuja mradi mkubwa uliofadhiliwa na Australia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na ulipoisha uliwaacha watu na maji ya chumvi visimani na maswali yaleyale. Mwaka 2013 zilitolewa hati maelfu kwa maelfu katika kaunti za Pwani. Waliozipata walizifunga vizuri wakaziweka ndani ya masanduku. Waliobaki waliambiwa bado. Sheria ya mwaka 2016 iliwapa walioonewa zamani miaka 5 ya kupeleka malalamiko yao mbele ya Tume ya Taifa ya Ardhi, na muda huo ukaisha Septemba 2021. Baadaye Bunge lilirudi kulijadili dirisha hilo, lakini nilipoisikia tarehe ile mara ya kwanza niliikumbuka 1908. Tena muda uliowekwa, tena karatasi, tena mtu ambaye hajadai yuko hatarini kuhesabiwa kuwa hadai.

Hapo ndipo bado inapobadilika sauti. Si bado yetu tu. "Yet" ilipokaa sana katika Kiingereza ilianza kufanya kazi ya hata hivyo: nimefanya hili, "yet" umefanya lile. "Still" nayo ikafuata. Kielezi cha kungoja kikageuka kiunganishi cha kulalamika. Bado inafanya safari hiyo mbele ya macho yetu. Msikilize mwanamke wa Ganda akieleza habari ya shamba: "Tumelipa ijara, tumelipa ushuru, tumezika hapa, bado twaambiwa tuhame." Hapo bado haihusu saa tena. Subira ikinyooshwa mno hubadilika tabia, na lugha hurekodi badiliko hilo kabla ya magazeti, kwa sababu lugha iko mdomoni mwa aliyengoja.

Ndiyo maana nasema bado ina mwenyewe. Ni ya yule anayengoja. Bibi asiye na mjukuu akisema bado, anatumia mali yake. Ni tumaini lake, na ana haki ya kulinyoosha mpaka kaburini akitaka. Mgonjwa akisema bado, mfungwa akisema bado, Odinga akiandika "yet" jaladani, wote wanakula chao. Lakini mwenye ofisi akilichukua neno hilo akamjibu nalo mwenye haki, amelitumia la mwingine. Amechukua upole wote uliomo ndani yake, ile adabu ya kutomkatia mtu hukumu, akaufanya pazia. Hakukataa, kwa hiyo hapana wa kumkatia rufaa. Hakukubali pia. Na mzee aliyelelewa katika lugha ambamo bado ni heshima anaipokea kwa heshima, anashukuru, anarudi nyumbani kwa pikipiki ya kulipia.

Simlaumu kila karani. Wengi wao hawana jawabu jingine, faili liko kwa mwingine, mwingine yuko safarini. Ninachowataka ni kile anachokifanya mkwezi. Yeye akisema bado amekwisha kugonga na kusikiliza. Anajua ni kitale au ni koroma, na ukimuuliza atakwambia urudi baada ya muda gani. Bado isiyojua tunda limefika wapi haistahili kutamkwa na mtu anayelipwa mshahara.

Nilikuwa kwenye benchi la ofisi moja ya serikali, sitaitaja, katika foleni ya watu waliofuatilia karatasi za mashamba. Mbele yangu alikuwa mzee wa Ganda mwenye bahasha ya kaki iliyolainika kwa kushikwashikwa. Alipofika dirishani akaitoa risiti, akaipitisha chini ya kioo. Karani, msichana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, aliitazama akairudisha.

"Bado, baba. Utarudi tena."

Mzee hakuichukua. Aliiacha pale kwenye ubao, kidole juu yake.

"Ahsante, mwanangu. Bado ya lini?"

"Bado tu, baba. Faili halijarudi kutoka juu."

"Liliondoka lini kwenda juu?"

Msichana akanyamaza. Halikuwa swali la ugomvi, na mzee hakupandisha sauti. Aliuliza kama mtu anavyoulizia mgonjwa. Kisha yule karani akainuka, akaenda kabatini, akarudi na rejista kubwa ya jalada gumu, akaipekua kurasa kwa kurasa, mwanzo haraka, halafu polepole. Alitafuta sana. Alipoupata mstari aliusoma mara mbili, akaita mwenzake wa meza ya nyuma, wakanong'onezana. Faili lilikuwa halijaondoka. Lilikuwa mle mle ndani, kwenye rafu, likingoja sahihi moja.

Alirudi dirishani akamwambia mzee hivyo, wazi, bila kuficha, na nilimheshimu kwa hilo. Akachukua kalamu, nyuma ya risiti akaandika jina la afisa anayepaswa kutia sahihi, akaandika siku ya kurudi, akaandika jina lake mwenyewe, akapiga muhuri. Mzee aliisogeza karatasi mbali na macho ili aisome, akaikunja, akairudisha ndani ya bahasha, akashukuru. Na mama aliyekuwa nyuma yangu, aliyekuwa amesinzia karibu asubuhi yote, alikwisha kunipita akafika dirishani, risiti yake mkononi: "Na yangu nitazamie, mwanangu, kwenye kitabu hicho hicho."